Tsukuda Hisao na Kipimo Ambacho Hakukirudia

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Hapa ni redio ya wanafunzi, katika chumba chetu kidogo juu ya maktaba, nami ni Mizobata Orie. Jioni hii tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkuwahi kulisikia jina lake. Aliitwa Tsukuda Hisao. Alikuwa mpimaji. Alifariki tarehe kumi na tisa ya mwezi uliopita, hapahapa Osaka, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Nakariri kwa waliojiunga nasi sasa hivi. Tsukuda Hisao, mpimaji, amefariki dunia. Ninayoyasimulia nimeyapata kwa binti yake, Bi Chizuko, na katika madaftari ya marehemu aliyoniruhusu kuyasoma. Mengine nimeyapata kwa mama mmoja wa mji jirani wa Higashi-Osaka, ambaye tutafika kwake.

Mzee Tsukuda alikuwa na kibanda Nipponbashi, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, ghorofa ya pili, kati ya muuza vipuri na muuza nyaya. Kwa miaka ishirini na sita mafundi walimpelekea amplifaya walizozitengeneza wenyewe, naye alizipima. Hakuuza amplifaya, wala hakuzitengeneza. Alizipima tu. Matokeo aliyaandika kwa brashi kwenye kipande cha karatasi, akagonga muhuri wake mwekundu, na fundi akakibandika cheti hicho chini ya amplifaya yake. Muhuri wa Tsukuda ukishagongwa, mjadala ulikwisha. Hakuna aliyewahi kumwona akiufuta.

Naomba mnivumilie kidogo, maana bila kuelewa alichokipima hatutaelewa kilichomtesa.

Fikirini mluzi mmoja safi, usiopanda wala kushuka. Uingizeni kwenye amplifaya. Kazi ya amplifaya ni kuutoa mluzi uleule, ila mkubwa zaidi. Lakini hakuna amplifaya iliyo aminifu kabisa. Kila moja huongeza la kwake. Huongeza mluzi wa pili, mwembamba, unaotetema mara mbili ya ule wa kwanza. Huongeza wa tatu, unaotetema mara tatu. Hizo ndizo harmoniki, na nyongeza hizo zote kwa pamoja ndizo upotoshaji. Mpimaji huuondoa mluzi wa kwanza kwa kichujio, kisha huupima uchafu uliobaki. Sindano ikionyesha asilimia moja, maana yake sehemu moja katika kila mia ya sauti hiyo haikuimbwa na mtu yeyote. Imetungwa na mashine.

Sasa, mluzi wenyewe hutoka kwenye mashine. Nayo mashine ya mluzi inaweza kuwa na uchafu wake. Hapo ndipo penye mtego. Uchafu wa mluzi na uchafu wa amplifaya vikisukumana, kimoja huku na kingine kule, vinafutana. Mita inaona usafi ambao haupo. Dawa yake ni rahisi mno: unazigeuza nyaya mbili zinazotoka kwenye mashine ya mluzi, wa kushoto kulia, wa kulia kushoto, halafu unapima tena. Kama mluzi ni safi, sindano haibadiliki. Kama ni mchafu, vilivyokuwa vikifutana sasa vinasaidiana, na sindano inaruka.

Mzee Tsukuda aliifahamu dawa hiyo tangu ujana wake, alipofanya kazi katika kiwanda cha redio za meli kule Kobe. Msimamizi wake alikuwa akimwambia, "Mluzi nao ni shahidi. Shahidi huhojiwa mara mbili." Kwa hiyo kila amplifaya aliipima mara mbili. Aligeuza nyaya kabla mwenye mali hajavuta pumzi. Kwa miaka ishirini na sita aliziacha bila kugeuzwa mara moja tu.

Mara moja tu, wasikilizaji wapendwa.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 1979. Mafundi walikuwa na mkutano wao wa kila mwaka katika ukumbi wa kata. Watu kama arobaini walivua viatu mlangoni, wakaketi mikekani, wakajipepea. Tsukuda alisafirisha vifaa vyake kwa gari la rafiki, barabara ikiwa imefumuliwa kwa matengenezo, na mashine ya mluzi ikatikiswa njia nzima. Bi Chizuko alikuwepo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akigawa chai baridi ya shayiri.

Wa kwanza kuitwa mezani alikuwa Kajitani Eikichi. Mkumbukeni jina: Kajitani Eikichi. Alikuwa mkereza vyuma katika kiwanda cha springi Higashi-Osaka. Miaka kumi na tisa kazini, hajawahi kuchelewa. Jumapili zake zote za miaka minne alizitumia kuunda amplifaya moja, yenye valvu mbili za kioo, zile taa za redio za zamani, na transfoma alizizungushia waya kwa mikono yake, kwenye kona ya jiko la mkewe.

Alipoiweka mezani, valvu zikawaka, joto likapanda, na kejeli zikaanza.

"Kajitani, hiyo ni amplifaya au jiko? Tulete samaki?"

"Mlete. Ila samaki wako atatoka humo anaimba kuliko wewe."

"Mwalimu Tsukuda, mpime na Kajitani mwenyewe. Anatetemeka hata mluzi haujaingia!"

Wote walimwita Tsukuda Mwalimu. Yeye hakucheka. Aliunganisha nyaya, akafungua mluzi, akazungusha kichujio. Sindano ikashuka. Ikazidi kushuka. Ikasimama kwenye asilimia sufuri nukta sufuri mbili.

Nakariri: asilimia sufuri nukta sufuri mbili. Kwa amplifaya ya valvu ya aina ile, iliyotengenezwa jikoni, hiyo ilikuwa sawa na mtu kukwambia amevuka mto kwa miguu bila kulowa.

"Mita imelala!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mita hailali. Wenye wivu ndio hamlali!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kajitani akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mkeka mbele ya Tsukuda. Bi Chizuko aliniambia hivi: "Niliuona mkono wa baba. Ulikuwa umeshazishika zile nyaya ili azigeuze. Ukakaa pale. Halafu ukaziachia. Ndugu yangu, mtu ameinama namna ile mbele ya wenzake wote, utageuzaje nyaya? Ni kama kumwambia mbele ya watu, wewe sikuamini."

Tsukuda akachukua brashi. Akaandika. Akagonga muhuri. Mhariri wa gazeti la mafundi akapiga picha.

Kisha ikaja amplifaya ya pili, ya mtu mwingine. Tsukuda akapima, akageuza nyaya, akapima tena. Sindano ikaruka. Namba mbili za amplifaya moja zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Katika daftari la siku ile, chini ya namba hizo, kuna mstari mmoja wa penseli: "Mluzi ni mchafu. Safari imeuharibu. Cha Kajitani si kweli."

Kwa hiyo alijua. Naomba tuliseme wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema wazi mwishoni. Alijua siku ileile, saa ileile, Kajitani akiwa hatua nne tu kutoka alipoketi, akipigwapigwa mgongoni na wenzake. Akainuka, akawaambia watu kwamba mashine imechoka, zilizobaki atazipima kibandani. Kuhusu cheti cha kwanza hakusema neno.

Alijiambia atasema Jumatatu. Jumatatu akanunua keki za maharage matamu, akapanda treni hadi Higashi-Osaka. Kajitani mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango, saa za kazi, amevaa nguo za nyumbani.

"Mwalimu! Karibu, karibu, umeingia na baraka! Sumie, weka maji ya chai! Mwalimu, sikiliza. Nimeacha kazi."

"Umeacha kazi?"

"Asubuhi hii. Nimeweka barua mezani kwa msimamizi. Ananiambia, Kajitani, una wazimu? Nikamwambia, wazimu wangu una muhuri wa Tsukuda."

Wasikilizaji wapendwa, ninyi na mimi tunajua maana ya fundi wa miaka arobaini na mitano kuacha kiwanda alichoingia kijana. Mlango ule haufunguki mara mbili. Tsukuda aliziweka keki mezani. Akanywa chai. Akampongeza.

Akanyamaza miaka tisa.

Katika miaka hiyo tisa Kajitani aliunda amplifaya hamsini na nane, zote za mfano uleule, kila moja ikiwa na nakala ya cheti kile chini yake, na katika kila tangazo aliitaja ile asilimia sufuri nukta sufuri mbili. Watu walizipenda. Waliosikiliza walisema sauti yake ni ya joto, kama mtu anayeimba chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Hayo yalikuwa kweli. Namba tu ndiyo haikuwa kweli.

"Kila Mwaka Mpya Mzee Kajitani ndiye alikuwa wa kwanza kuja kutusalimia," Bi Chizuko aliniambia, akimenya chungwa ambalo hakulila. "Akifika tu, baba anaingia chooni. Mama anampigia mlango, we baba Chizuko, mgeni huyo! Baba anajibu tumbo linamuuma. Miaka tisa tumbo linamuuma tarehe moja ya mwezi wa kwanza. Kajitani akawa anamletea dawa ya tumbo."

Mwaka 1988, gazeti jingine, lenye maabara yake na mashine mpya za kisasa, lilipima amplifaya moja ya Kajitani. Likachapa namba: asilimia sufuri nukta tatu moja. Hiyo ni mara kumi na tano ya ile aliyoitangaza. Barua zikamiminika gazetini. Zilimwita tapeli. Wanunuzi walivunja mapatano. Kajitani alijibu kila barua kwa mkono wake, na kila jibu lilikuwa na sentensi hii: "Mwalimu Tsukuda ndiye aliyepima, na Mwalimu Tsukuda hakosei."

Mwalimu Tsukuda alizisoma sentensi hizo gazetini kwa wiki tatu. 

Wiki ya nne Kajitani alipanda ngazi za kibanda cha Nipponbashi, amebeba amplifaya yake ya kwanza, ileile ya jikoni, imefungwa kwa kitambaa. Aliiweka mezani. Bi Chizuko alikuwa nyuma ya pazia, akifunga vifurushi.

"Mwalimu, wananitukana. Ipime tu, tuwafunge midomo."

Tsukuda akaipima. Asilimia sufuri nukta tatu. Akageuza nyaya, akapima tena. Asilimia sufuri nukta tatu.

Kajitani akaitazama sindano. Kisha akauliza, polepole, "Mashine yako imeharibika?"

"Hapana. Leo ni nzima."

"Siku ile je?"

Tsukuda akauzima mluzi.

"Siku ile uligeuza nyaya?"

"Sikugeuza."

"Ulijua lini?"

"Baada ya yako. Kwenye ya pili."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Jumatatu nilikuja nikuambie, kaka. Ukaniambia umeacha kazi."

Bi Chizuko anasema ngazini watu walikuwa wakicheka kuhusu jambo jingine. Kisha Kajitani akasema maneno haya. Tsukuda aliyaandika kwenye daftari, neno kwa neno, na nitayasoma kama yalivyo.

"Sufuri nukta tatu. Kwa valvu mbili, kwa transfoma za jikoni. Unajua hiyo ni nzuri kiasi gani? Ungenipa hiyo siku ile, ningepiga paji la uso chini vilevile. Ningerudi nyumbani nikicheka. Na Jumatatu ningekwenda kazini."

Akaifunga amplifaya yake kwenye kitambaa. Mlangoni akageuka, akainama kwa adabu, kama mtu anavyomwinamia mgeni. "Samahani kwa usumbufu, Bwana Tsukuda." Hakumwita Mwalimu. Hawakuonana tena.

Kajitani Eikichi alifunga karakana mwaka 1989. Akapata kazi ya kulinda maegesho ya magari. Mwaka 1991 alifariki kwa saratani ya tumbo. Tsukuda alikwenda mazikoni, akasimama nje ya lango la hekalu, hakuthubutu kuingia, na hakuna aliyemwita aingie.

Mtaniuliza, je, hakusahihisha? Alisahihisha. Mwezi uleule wa mazungumzo yale aliandika gazetini kwamba kosa ni lake, kwamba Kajitani hakumdanganya mtu. Wakaichapa barua yake ukurasa wa tatu kutoka mwisho, chini ya tangazo la vipuri, kwa herufi ndogo. Barua za matusi kwa Kajitani ziliendelea kuja miezi sita baadaye. Uongo ulikuwa na picha. Ukweli ulikuwa na mistari kumi na mmoja.

Akafunga kibanda. Akaanza kuwatafuta wenye zile amplifaya hamsini na nane, mmoja mmoja, kwa treni na kwa miguu, mfukoni akiwa na vyeti vipya: asilimia sufuri nukta tatu, na chini yake, "kosa la kwanza ni la mpimaji." Aliwapata watu thelathini na saba. Waliokubali kubadilisha cheti walikuwa tisa. Nakariri: hamsini na nane, thelathini na saba, tisa.

Bi Chizuko alimsindikiza mara moja kwa daktari wa meno mjini Nara.

"Mzee, nimeisikiliza miaka kumi na miwili," daktari alimwambia. "Leo unakuja kuniambia ni mbovu?"

"Si mbovu. Ni nzuri sana. Karatasi ndiyo mbovu."

"Basi karatasi inakusumbua wewe, mimi hainisumbui. Niachie kama ilivyo. Inapendeza, ina muhuri wako."

"Inamsumbua mwenzangu aliyekufa."

"Aliyekufa asumbuliwe na nini tena, mzee wangu? Kunywa chai."

Basi akanywa chai. Njiani kurudi, kwenye treni, alimwambia binti yake, "Wananiamini. Chizuko, bado wananiamini." Akageukia dirisha mpaka Osaka.

Nilikwenda Higashi-Osaka wiki iliyopita. Bi Kajitani Sumie, mjane wa Eikichi, ana miaka sabini na mmoja, anaishi peke yake. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu. Nikiwa mwanafunzi, niliamini, nakiri, kwamba watu wawili wakielezwa vizuri watapatana, hata kama mmoja wao amekwisha kufa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Binti, yule mzee alikuja mlangoni kwangu mara saba. Mara ya mwisho ni mwezi wa kwanza mwaka huu, theluji yenye maji inanyesha, hana mwavuli. Nilimwona kupitia kioo. Anagonga, anasema, mama, ni mimi Tsukuda. Nilikuwa nimesimama hapa, karibu kama tulivyo wewe na mimi. Nilijua anachotaka. Alitaka nimwambie yamekwisha."

Nikamuuliza, na kama angejua kwamba mwezi mmoja baadaye mzee yule atakuwa amefariki?

"Nisingefungua. Hayajaisha. Mume wangu alijibu barua zile moja moja, usiku na mchana, anamtetea huyo mtu. Anamtetea! Hata hospitali aliniambia, Sumie, usimchukie. Nikamwambia, wewe kufa na wema wako, mimi niachie hasira yangu, ndicho kitu pekee cha nyumba hii ambacho hakikupimwa vibaya."

Kisha akaniuliza kama mzee aliteseka sana. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. Hakufurahi, wala hakulia. Akanifungia machungwa mawili ya njiani.

Bi Chizuko naye alinieleza juu ya siku za mwisho. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mzee ulimi. Alitumia kidole, akiandika juu ya shuka. Alimwandikia binti yake swali moja kuhusu Bi Sumie, tena na tena: amefungua? Bi Chizuko alifikiria kumdanganya. Mtu gani hangefikiria? Lakini alikuwa binti wa mpimaji. Akamwambia, "Hapana, baba. Hajafungua." Mzee akafumba macho. Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho aliloambiwa duniani ambalo tuna hakika alilisikia.

Wasikilizaji wapendwa, sina faraja ya kuwapa mahali pasipo na faraja. Tsukuda Hisao alikuwa mtu mkweli. Alipima mamia ya amplifaya kwa haki, na moja akaipima kwa huruma. Huruma ile ilidumu muda wa makofi. Gharama yake ililipwa na mtu mwingine maisha yake yote, kisha na mjane wake, kisha na Tsukuda mwenyewe, na mpaka jioni hii vyeti arobaini na tisa vya uongo havijabadilishwa, viko chini ya amplifaya za watu ambao hawana haja ya kujua.

Kwa Bi Chizuko na jamaa wote wa Tsukuda, redio ya wanafunzi inatoa pole. Marehemu apumzike, kama kupumzika kunawezekana. Kwa Bi Kajitani Sumie, tunatoa pole ambayo imechelewa miaka sita. Jina la mume wako tunalisema hapa kwa sauti, waliomwita tapeli wasikie: Kajitani Eikichi hakumdanganya mtu. Kazi ya mikono yake ilikuwa njema.

Nasi tuliobaki tujitafakari. Pengine kuna mtu uliyemwacha aamini jambo kwa kuwa alikuwa na furaha, na ukajiambia utamweleza Jumatatu. Mtu huyo leo bado ana uwezo wa kukukasirikia, kukutukana, kukufungia mlango usoni, na siku moja kuufungua. Akishakufa, uwezo huo wote unaisha, na utabaki unagonga kwa watu wengine.

Kipindi hiki kimebakiza dakika nne, nilizokuwa nimezitengea muziki. Kama unaye mtu wa namna hiyo, usizisubiri. Zima redio. Nenda kwake sasa. Mimi nitamaliza peke yangu.